Uzi: Kinshasa na Brazzaville zinatazamana, mbona hadi leo hakuna daraja?

#1 Mdadisi_Umoja
Habari wadau. Nina dai, na mwenye hoja anipinge.

Kinshasa na Brazzaville ni miji mikuu ya nchi mbili, DRC na Jamhuri ya Kongo, na kinachoitenganisha ni Mto Kongo tu. Ukisimama ukingo mmoja unaona maghorofa ya ng'ambo. Ukiacha Roma na Vatikani, hakuna miji mikuu miwili iliyokaribiana hivyo duniani. Lingala inasikika pande zote mbili, muziki ni ule ule, watu wanaoana. Na bado hakuna daraja hata moja kati yao, hata la waendao kwa miguu. Unapanda boti, au unapanda ndege kwa mojawapo ya safari fupi zaidi za kimataifa.

Dai langu: mto hauna lawama. Miji mingine iliyogawanywa na mito ilijengewa madaraja zaidi ya miaka 150 iliyopita, enzi za nyundo na mvuke. Hapa kilichokosekana ni nia ya wakubwa. Mwenye sababu nyingine aiweke mezani.

#2 Fundi_Chuma
Mdadisi, usiusafishe mto haraka hivyo. Kwa wingi wa maji Mto Kongo unapitwa na Amazon peke yake. Kwa wastani unamwaga mita za ujazo kama 41,000 kila sekunde. Halafu tazama umbo lake pale. Juu ya miji unatanuka ukawa kama ziwa, Pool Malebo, lenye urefu wa kilomita 35 hivi na upana unaofika kilomita 23, limejaa visiwa na mafungu ya mchanga. Ukiteremka kidogo tu chini ya miji, yanaanza maporomoko yaliyopewa jina la Livingstone, na maji yanakwenda kwa hasira hivyo hadi bandari ya Matadi.

Kazi ya daraja haiko juu mnakopiga picha, iko chini. Nguzo ikisimama ndani ya maji ya kasi, maji hugawanyika, yakazunguka mguuni na kuuchota mchanga kidogo kidogo mpaka msingi unabaki wazi. Madaraja mengi hayaangushwi na uzito wa malori, huangushwa na shimo hilo lisiloonekana. Dawa yake ni kushuka hadi mwamba, na kuufikia mwamba katikati ya mto kama ule ni pesa nyingi.

#3 Mwalimu_Mstaafu
Asante Fundi. Ila mnaanzia katikati. Ile miji haikuzaliwa ili ishirikiane, ilizaliwa kushindana.

De Brazza alitia saini mkataba na Makoko, mfalme wa Wateke, mwaka 1880, Ufaransa ikapata ukingo wa kaskazini, ndiko Brazzaville. Mwaka uliofuata Stanley, akimtumikia Leopold wa Ubelgiji, aliweka kituo upande wa kusini. Hicho ndicho kilichokuwa Léopoldville, na 1966 kikaitwa Kinshasa. Kila upande ukatafuta njia yake ya kufika baharini, kwa sababu ya hayo maporomoko aliyoyataja Fundi. Upande wa Wabelgiji ukajengwa reli ya Matadi, ikakamilika 1898. Wafaransa kwa miaka mingi wakawa wanapitisha mizigo yao kwenye reli ya jirani, na jambo hilo liliwauma. Wakajenga yao hadi bandari ya Pointe-Noire, kuanzia 1921 hadi 1934, na maelfu ya Waafrika walikufa kwenye kazi hiyo, hasa kule Mayombe. Mpaka leo vifo hivyo havitajwi inavyostahili.

Kwa hiyo una reli mbili na bandari mbili kwa mzigo wa mto mmoja. Aliyegharimia reli nzima ili asimtegemee jirani, kwa nini amjengee daraja?

#4 Msee_wa_Ronga
Mwalimu umeturudisha darasani kabisa 😄 Lakini hao wakoloni waliondoka 1960, pande zote mbili, mwaka mmoja. Miaka zaidi ya 60 imepita. Lawama ya baada ya hapo tumpe nani?

#5 Wakala_Kilindini
Msee, jibu lako liko kwenye hiyo hiyo posti ya Mwalimu, sema alisimama njiani. Bandari.

Nimefanya kliaransi ya mizigo miaka mingi Mombasa kabla ya kuhamia ofisi ya Industrial Area, na ninawaambia: ukitaka kujua kwa nini barabara fulani haijengwi, uliza itaupeleka mzigo bandari gani. Sisi tunaijua vizuri vita ya Mombasa na Dar kuhusu mzigo wa Uganda, Rwanda na mashariki ya Kongo.

Kule iko hivi. Pointe-Noire ina kina kirefu, meli kubwa zinaingia. Matadi iko ndani ya mto, meli lazima zipande na mto na kina ni cha kubahatisha. Weka daraja la reli na barabara kati ya nchi hizo mbili, na mwenye duka Kinshasa ataagiza kontena lake kupitia Pointe-Noire. Matadi na Boma zitakufa njaa. Watu wa Kongo Central, jimbo la DRC lenye bandari hizo, wamelisema hili waziwazi: kwanza tujengewe bandari yetu ya kina kirefu Banana, ndipo mzungumze daraja. Jiwe la msingi la Banana liliwekwa Januari 2022.

Mradi wenyewe upo kwenye karatasi. Novemba 2018 kule Johannesburg, serikali zote mbili zilitia saini na Benki ya Maendeleo ya Afrika na mfuko wa miundombinu wa Africa50. Daraja la kulipia la mita 1,575, njia moja ya reli, barabara pande mbili, njia za miguu na kituo cha mpaka. Dola milioni 550, na 210 kati ya hizo zitoke benki. Ujenzi ulikuwa uanze 2020. Tuko hapa.

#6 Mama_Zawadi
Jamani, nimezaliwa Kinshasa, sasa ni mkazi wa Kasarani. Mnazungumza meli na reli, mmesahau wanaovuka kila siku.

Nendeni Beach Ngobila, gati la feri la Kinshasa, asubuhi. Kabla hata hujauona mto unasikia makelele ya wapagazi. Halafu unawaona walemavu na baiskeli zao za magurudumu matatu, zile za kuzungusha kwa mikono. Baiskeli imechomelewa vyuma nyuma, imepakiwa mpaka mwenyewe haonekani, kuna vitenge, sabuni, unga, katoni za biskuti. Wasaidizi watatu wanaisukuma kwenye ubao kuingia feri, mmoja ameshika gurudumu la mbele lisitumbukie majini. Kwa miaka mingi walemavu walipunguziwa nauli na ushuru pale, basi biashara ya kuvusha mizigo midogo ikawa mikononi mwao. Wamejenga nyumba na kusomesha watoto kwa ule mto.

Likija daraja la malori, hawa watakula wapi? Mimi ninalitaka daraja. Lakini swali hili sijasikia likiulizwa Johannesburg.

#7 Jabali_la_Kisumu
Mbona mimi nimeona picha ya daraja Brazzaville? La nyaya, la kisasa, usiku linawaka taa za rangi juu ya mto. Mnabishania kitu kilichopo.

#8 Fundi_Chuma
Jabali, hilo ni daraja la 15 Agosti 1960, lilifunguliwa 2016. Linapita ukingoni mwa mto kuunganisha mitaa ya Brazzaville yenyewe. Anza upande mmoja, maliza upande mwingine, bado uko Brazzaville. Picha hiyo imewachanganya wengi.

#9 Jabali_la_Kisumu
Sawa Fundi. Basi hoja inakuwa nzito zaidi. Pesa na utaalamu wa daraja la nyaya vilikuwepo, vikaelekezwa nyumbani. #1 hajakosea sana.

#10 Mwanahistoria_Ngara
Niingize mfano wa Buda na Pest kule Hungaria, kwa sababu Mdadisi alitaja madaraja ya miaka 150 bila kuyataja majina.

Ilikuwa miji miwili kando ya Danube. Palikuwa na daraja la mashua zilizofungwa pamoja, na majira ya baridi lilikuwa likiondolewa kwa sababu ya barafu. Desemba 1820 kabaila mmoja, István Széchenyi, alikwama ukingoni karibu wiki nzima akitaka kwenda kumzika baba yake. Akaapa patajengwa daraja la kudumu. Mhandisi aliyelichora ni Mwingereza, William Tierney Clark, na msimamizi wa ujenzi ni Adam Clark, Mskoti, hawakuwa ndugu. Likafunguliwa Novemba 1849. Miji yenyewe, pamoja na Óbuda, iliunganishwa kuwa Budapest mwaka 1873. Daraja lilitangulia, muungano ukafuata miaka 24 baadaye.

Na kuna jambo linalomhusu Mama Zawadi. Kabla ya hapo makabaila wa Hungaria hawakuwa wakilipa kodi. Kwenye daraja lile kila mtu alilipa, tajiri na mchuuzi. Ukisoma mijadala ya wakati ule unaona waliogopa ada ya daraja kuliko walivyoogopa barafu. Kwa hiyo mimi nasema: wakubwa hawajengi mpaka mto uwakwamishe wao wenyewe. Viongozi wa Kinshasa na Brazzaville hawajawahi kukwama Beach Ngobila.

#11 Msee_wa_Ronga
Brooklyn pia! Ilikuwa mji unaojitegemea, New York mji mwingine, mto katikati. Majira ya baridi ya 1866 kuamkia 1867 feri zilinasa kwenye barafu, kelele zikawa nyingi, daraja likafunguliwa 1883. Mita 486 kati ya minara miwili. Na 1898 Brooklyn ikamezwa na New York. Mhandisi mkuu aliugua kwa kufanya kazi chini ya maji kwenye misingi, mkewe Emily Roebling akawa ndiye anayepeleka maagizo kwa mafundi na kusimamia mambo kwa miaka. Huyu mama anastahili uzi wake peke yake.

#12 Fundi_Chuma
Kweli kuhusu Emily. Ila maji yale si mto, Msee, licha ya jina East River. Ni mlangobahari, maji yanapwa na kujaa. Ukitaka mfano wa haki chukua Kongo yenyewe: Matadi. Wajapani walijenga daraja la kuning'inia pale, likafunguliwa 1983, jumla mita 722, na 520 kati ya nguzo kuu. Lilitengenezwa kubeba reli na barabara. Reli haijawahi kupita.

#13 Mdadisi_Umoja
Fundi, hapo umenipa silaha. Kama mto ule ule, tena pale unapokwenda kasi, uliwezekana 1983, basi hoja yako ya #2 imekwenda wapi?

#14 Fundi_Chuma
Iko palepale. Matadi mto umebanwa na miamba pande zote, mwamba uko karibu. Mbele ya miji miwili mto una upana wa kilomita kadhaa. Ndiyo maana wataalamu wa ule mradi hawakuchagua mijini, walikwenda Maluku, juu ya Pool, ambako mto bado haujatanuka. Huko ndiko zinakotoka hizo mita 1,575. Ni kilomita 65 hivi kutoka mijini.

Mto umeamua mahali. Hilo si jambo dogo.

#15 Bint_Likoni
Kilomita 65! Kumbe hata hilo daraja haliunganishi miji.

Niwaambie sisi wa Likoni, ng'ambo ya feri ya Mombasa, tunalijua hili vizuri. Barabara ya Dongo Kundu imejengwa, madaraja mazuri, gari la Nairobi linalokwenda Diani halihitaji tena kugusa feri. Mwenye gari ameshukuru, na ana haki. Lakini mama anayeuza mboga Marikiti akikaa Likoni, Dongo Kundu itamfaa nini? Bado anashuka ile teremko na umati, bado anasubiri king'ora, bado anavuka amesimama huku ameshika ndoo yake. Na tangu ajali ya feri ya Mtongwe 1994, walipozama watu 272, kuna wazee kwetu ambao mguu ukikanyaga feri midomo inaanza dua.

Kwa hiyo Mama Zawadi asiwe na wasiwasi juu ya daraja kuua biashara ya Beach. Likijengwa kilomita 65, malori yatapita huko na watu watabaki kwenye boti. Hilo ndilo linaloniuma mimi.

#16 Mama_Zawadi
Dada yangu Bint, umesema vizuri kuliko mimi.

#17 Mzee_wa_Lavington
Wote mnakwepa jambo moja, usalama. Nililitumikia jeshi, naona ramani kwa jicho hilo.

Mwaka 1997 peke yake: Mei Mobutu anaanguka, askari wake wanavuka mto na silaha kuingia Brazzaville. Katikati ya mwaka vita vinalipuka Brazzaville yenyewe, na baadaye makombora yanavuka mto na kuanguka Kinshasa. Serikali iliyoona hayo, ije itie saini daraja pana la kupitisha magari hadi mlangoni mwa ikulu? Mto ule ni ukuta wa bure.

Na aliyesifu madaraja ya Budapest amalizie hadithi. Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma mwaka 1945, hawakuacha hata moja limesimama. Hilo la Széchenyi lilifunguliwa upya Novemba 1949, miaka 100 tangu lizinduliwe. Karibu na sisi, Sudan: daraja la Shambat la kuunganisha Omdurman na Bahri, la 1966, lilivunjwa Novemba 2023, kila upande ukamlaumu mwenzake. Vita vikija, daraja ndilo la kwanza kuviziwa.

#18 Mwanahistoria_Ngara
Mzee heshima yako, hayo ya 1945 ni kweli kabisa. Lakini Budapest iliyajenga tena. Hawakusema mto ubaki ukuta.

#19 Mama_Zawadi
Mzee ana sehemu ya ukweli, ila hofu si ya askari tu. Aprili 2014 Brazzaville walianza operesheni ya kufukuza wageni, waliyoiita Mbata ya Bakolo. Zaidi ya watu 100,000 wa kwetu walirudi Kinshasa, wengine walifukuzwa, wengine walikimbia kabla hawajafikiwa. Binamu yangu alikuwa fundi cherehani Poto-Poto, mtaa wa Brazzaville, ana mke wa huko na watoto wa huko. Alishuka Ngobila na kichwa cha cherehani ndani ya shuka, meza na miguu yake vimebaki. Mke alikuja baadaye sana.

Brazzaville ni mji mdogo, Kinshasa ina mamilioni kwa mamilioni. Wenzetu wanaogopa kwamba daraja likifunguliwa watamezwa. Hawalisemi mikutanoni, lakini ukikaa nao unalisikia.

#20 Jabali_la_Kisumu
Pole sana kwa binamu yako mama.

Kwa hesabu yangu sasa tuna mto, reli za wakoloni, bandari, wakubwa wasiokwama, vita, na hofu ya kumezwa. Na pesa hatujaigusa.

#21 Wakala_Kilindini
Niiguse basi, na Kazungula. Botswana na Zambia walikuwa na kivuko kwenye Zambezi, malori yakilala foleni siku nyingi. Ujenzi ulianza 2014, daraja likafunguliwa Mei 2021: mita 923, reli na barabara, dola milioni 259 hivi. Na limepindwa kama upinde ili lisikanyage ardhi ya Zimbabwe, kwa sababu Zimbabwe mwanzoni haikuwa ndani ya mradi. Palikuwa na kikwazo cha kisiasa, wakakizunguka kwa zege.

Tofauti ni hii: Botswana na Zambia zote hazina bahari. Hakuna aliyeogopa kunyang'anywa bandari. Zote zilitaka lori lipite.

#22 Msee_wa_Ronga
Nikitoka nje ya mada kidogo: hivi Nyali kule Mombasa, kabla ya daraja la sasa la 1980, si palikuwa na la kuelea?

#23 Bint_Likoni
Ndiyo, tangu 1931. Bibi yangu alikuwa akisema gari likipita unalisikia daraja zima likihema chini yako. Turudi Kongo.

#24 Mdadisi_Umoja
Asanteni kwa michango. Nimechukua kalamu. Kazungula, dola milioni 259 kwa mita 923, ni kama dola 280,000 kwa mita. Maluku, milioni 550 kwa mita 1,575, ni kama 349,000 kwa mita. Fundi, mto wako wa kutisha umeongeza bei kwa robo tu. Robo haiwezi kuwa sababu ya miaka 60.

#25 Fundi_Chuma
Hesabu sawa, matumizi yake hapana. Moja ni gharama ya daraja lililokwisha, nyingine ni makadirio ya 2018 kabla nguzo haijashuka. Bei ya kweli ya mto huijui mpaka uchimbe. Na ukitaka daraja la mjini, analolitaka Bint Likoni, pale mto una kilomita kadhaa, hizo mita 1,575 zisahau.

#26 Mwalimu_Mstaafu
Mimi bado nipo na reli. Hata huo mradi mpya unazungumzia kuunganisha reli ya Pointe-Noire na Kinshasa. Ni mgogoro ule ule wa 1898, umebadilishiwa wino tu.

#27 Wakala_Kilindini
Mwalimu, basi tukubaliane kutazama sehemu moja wote. Siku meli kubwa ya kwanza itakapofunga kamba Banana na kushusha kontena, Kongo Central haitakuwa na sababu ya kupinga. Ikipita miaka mitano baada ya hapo na Maluku hakuna hata kreni, nitasema Mzee wa Lavington alikuwa na hoja kuliko mimi.

#28 Mzee_wa_Lavington
Nimekusikia. Na Bangui na Zongo kule Ubangi je? Mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati upande mmoja, mji mdogo wa DRC upande wa pili, mtumbwi katikati. Bandari hapo hakuna ya kugombania. Mbona nako hakuna daraja?